Ngano ya Kenya: kwa nini mavuno hayapangi bei ya mkate

Mwaka 2021 mashamba ya ngano nchini Kenya yalitoa takriban tani 245,000, kutoka tani zipatazo 405,000 mwaka uliotangulia. Mavuno yalikuwa yamepungua kwa karibu asilimia 40, na chanzo kikuu kilikuwa uhaba wa mvua. Lau zao hilo lingekuwa nyanya au vitunguu, upungufu wa kiasi hicho ungetikisa masoko yote ya Nairobi kwa muda wa wiki chache. Kwa ngano mambo yalikwenda vingine. Meli ziliendelea kutia nanga Mombasa, viwanda viliendelea kusaga, na mikate haikukosekana madukani.

Mtikisiko mkubwa ulikuja miezi michache baadaye, wala haukutokea Narok au Uasin Gishu. Tarehe 24 Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliingia Ukraine. Nchi hizo mbili kwa pamoja zilikuwa zikiuza zaidi ya robo ya ngano yote inayovuka mipaka duniani. Kufikia Machi mwaka huo, bei katika soko la nafaka la Chicago ilikuwa imepita dola 12 kwa busheli moja, kiwango ambacho soko hilo lilikuwa halijakiona kwa zaidi ya miaka kumi. Kwa hiyo jirani aliyekosa mvua hakuona bei ikiruka kwa ajili ya ukame wake, bali aliiona ikiruka kwa vita vya watu walio mbali naye.

Matukio hayo mawili yanafumbua jambo ambalo mara nyingi huwachanganya wanunuzi, wakulima na hata viongozi: katika soko la ngano la Kenya, wingi wa mavuno ya nyumbani na bei ya unga havifungamani kama watu wengi wanavyodhani. Makala haya yanaeleza kwa nini, na ni nani anayebeba gharama ya hali hiyo.

Soko linalolishwa na bandari

Ngano ni nafaka ya pili kwa matumizi nchini Kenya, baada ya mahindi. Chapati, mandazi, mkate na tambi vimekuwa vyakula vya kila siku, hasa mijini. Mahitaji ya mwaka yanazidi tani milioni 2, ilhali mavuno ya ndani katika miaka ya karibuni yamekuwa yakipanda na kushuka kati ya takriban tani 250,000 na 400,000. Maana yake ni kwamba chini ya moja ya tano ya ngano inayoliwa hutoka katika udongo wa Kenya. Iliyobaki huletwa na meli kutoka Urusi, Ukraine, Argentina, Australia na nchi za Umoja wa Ulaya.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Katika miaka ya kwanza ya uhuru, mashamba ya Kenya yalitosheleza sehemu kubwa ya mahitaji ya nchi. Lakini watu waliongezeka, miji ilipanuka, na ulaji wa unga wa ngano ukakua kwa kasi kuliko mashamba. Katika miaka ya 1990 serikali ililegeza udhibiti wa biashara ya nafaka, na wenye viwanda wakapata nafasi ya kuagiza shehena zao wenyewe. Mwaka 2000 mitambo maalumu ya kupakua nafaka ilianza kazi katika bandari ya Mombasa, na ngano ikaanza kuvutwa moja kwa moja kutoka tumboni mwa meli hadi katika maghala badala ya kupakiwa kwenye magunia. Tangu hapo mlango wa bahari ukawa mpana kuliko mlango wa shamba.

Kanuni ya ugavi na bei, na pale inapopinda

Kanuni inayojulikana sokoni ni kwamba bidhaa ikiadimika bei hupanda, na ikifurika bei hushuka. Kanuni hiyo ni ya kweli, lakini ina sharti moja linalosahauliwa: lazima kwanza ijulikane mpaka wa soko lenyewe. Katika kijiji kilichotengwa na barabara, soko ni kijiji hicho, na mavuno ya kijiji ndiyo yanayoamua bei. Kikifunguliwa barabara ya kwenda mjini, soko linakuwa kijiji pamoja na mji, na mavuno ya kijiji peke yake hayatoshi tena kuisogeza bei.

Soko la ngano la Kenya limefunguka hadi katika bandari za Bahari Nyeusi na za Amerika ya Kusini. Tani 160,000 zilizopungua mwaka 2021 zilikuwa pengo kubwa kwa wakulima, lakini hazikufika moja ya kumi ya mahitaji ya nchi, na ukizipima na biashara ya ngano ya dunia, ambayo ni karibu tani milioni 200 kwa mwaka, ni kama tone katika mtungi. Wenye viwanda waliliziba pengo hilo kwa kuagiza shehena chache zaidi, wakalipa bei ileile ambayo dunia nzima ilikuwa ikilipa.

Kwa mlaji, hali hiyo ni kinga dhidi ya ukame: mvua ikikosekana Narok, mkate haukosekani Nairobi. Kwa mkulima, mambo hugeuka. Katika soko lililofungwa, mwaka wa mavuno haba humfariji mkulima kwa njia moja, kwamba magunia machache aliyopata huyauza kwa bei nzuri. Katika soko lililofunguka faraja hiyo haipo. Mkulima wa Narok anaweza kupoteza nusu ya mavuno yake na bado akakuta bei ileile, au hata ya chini zaidi, kwa sababu mwaka huohuo Urusi imevuna vizuri. Hasara ya shamba haifidiwi na soko.

Hesabu inayofanyika Mombasa

Ikiwa si mavuno ya ndani yanayopanga bei, basi ni nini? Jibu ni gharama ya kuifikisha tani moja ya ngano ya kigeni hadi mlangoni mwa kiwanda. Hakuna mwenye kiwanda atakayekubali, kwa hiari yake, kumlipa mkulima wa ndani zaidi ya gharama hiyo, maana anaweza kuagiza. Wala hakuna mkulima mwenye taarifa atakayekubali chini yake sana, maana anajua kiwanda hakina pa kupata nafuu zaidi. Gharama hiyo ndiyo mizani ya soko zima.

Mizani hiyo ina vipande vinne: bei ya ngano katika bandari inakotoka, nauli ya meli na bima, thamani ya shilingi dhidi ya dola, na ushuru wa forodha. Mvua ya Narok haimo katika hesabu hiyo.

Tuchukue mfano wa makadirio. Tuseme ngano imefika Mombasa kwa dola 300 kwa tani, nauli na bima zikiwamo. Mwanzoni mwa 2022 dola moja ilibadilishwa kwa takriban shilingi 113 za Kenya, hivyo tani hiyo ingekuwa shilingi 33,900. Kufikia Januari 2024 dola ilikuwa imepanda hadi karibu shilingi 160, na tani ileile, kwa dola zilezile 300, ingegharimu shilingi 48,000. Bei ya dunia haijasogea hata senti moja, lakini kwa Mkenya ngano imepanda kwa zaidi ya asilimia 40.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa kiasi kikubwa. Bei ya dunia ilianza kuteremka katika nusu ya pili ya 2022. Mnamo Julai mwaka huo, Urusi, Ukraine, Uturuki na Umoja wa Mataifa zilitia saini mjini Istanbul makubaliano yaliyofungua tena njia ya nafaka za Ukraine, na kwa muda wa mwaka mmoja takriban tani milioni 33 za nafaka na vyakula vingine zilipita humo. Hata Urusi ilipojitoa Julai 2023, bei ilipanda kwa muda mfupi kisha ikaendelea kushuka, kwa sababu mavuno ya Urusi yenyewe yalikuwa mengi. Lakini katika miezi hiyohiyo shilingi ya Kenya ilikuwa ikidhoofika, na waagizaji walilalamika kwamba hata dola zenyewe zilikuwa vigumu kupatikana benki. Nafuu iliyotoka Bahari Nyeusi ikamezwa njiani na soko la fedha za kigeni.

Shilingi ilipata nguvu tena kuanzia Februari 2024, baada ya Kenya kukopa dola bilioni 1.5 katika masoko ya kimataifa na kuondoa hofu ya kushindwa kulipa deni kubwa lililokuwa likiiva Juni mwaka huo. Katika muda mfupi dola ilirudi hadi takriban shilingi 130. Tukio hilo la kifedha lilibadilisha gharama ya ngano kuliko msimu mzima wa mvua nzuri.

Nunua ya nyumbani kwanza

Kipande cha nne cha mizani, ushuru, ndicho pekee kilicho mikononi mwa serikali. Kwa mujibu wa ushuru wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ngano inayotoka nje ya Jumuiya hutozwa asilimia 35. Lakini nchi wanachama zinajua kwamba mashamba yao hayatoshi, na kwa miaka mingi zimekuwa zikiomba ruhusa ya kutoza chini ya hapo. Kenya imetumia kiwango cha asilimia 10 kwa wenye viwanda, na imekifungamanisha na sharti: ili kiwanda kipate nafuu hiyo, lazima kwanza kinunue sehemu yake ya ngano ya wakulima wa ndani kwa bei iliyokubaliwa.

Katika msimu wa 2023 bei hiyo ilikuwa shilingi 5,300 kwa gunia la kilo 90 la daraja la kwanza na shilingi 5,200 kwa daraja la pili. Turudi kwenye mfano wa dola 300 kwa tani, na tuseme dola ni shilingi 150. Kabla ya ushuru, gunia la kilo 90 kutoka ng'ambo ni shilingi 4,050. Kwa ushuru wa asilimia 10 linakuwa shilingi 4,455, na kwa asilimia 35 linafika takriban shilingi 5,470. Bei ya mkulima, 5,300, imekaa katikati ya hizo mbili. Kwa kiwanda kinacholipa asilimia 10, ngano ya ndani ni ghali. Kwa kiwanda kinachotishiwa na asilimia 35, ni nafuu kidogo. Sharti la ununuzi linasimama juu ya tofauti hiyo. Anayekataa kununua shambani atalipa zaidi bandarini.

Sasa tubadilishe jambo moja tu. Shilingi ikipata nguvu na dola ikawa 130, gunia la nje kwa asilimia 10 linashuka hadi takriban shilingi 3,860, na kwa asilimia 35 linakuwa shilingi 4,740 hivi. Bei ya 5,300 imezipita zote mbili. Tishio la ushuru kamili halitoshi tena kumsukuma mwenye kiwanda kwenda shambani. Kinachobaki ni mazungumzo, kuheshimu makubaliano na mkono wa serikali. Mkulima hakubadilisha chochote, gharama zake ni zilezile, lakini msingi wa bei yake umeteremka kwa sababu fedha ya nchi yake imeimarika. Habari ambayo ni njema kwa mnunuzi wa mkate huwa mbaya kwake.

Nani analipa tofauti?

Bei ya mkulima ikiwa juu ya bei ya bandari, lazima mtu ailipe tofauti hiyo. Kiwanda hakiuzi unga wa ngano ya ndani kando na ule wa ngano ya nje, bali huchanganya, na gharama yake ni wastani wa hizo mbili. Tuseme asilimia 15 ya ngano yake ni ya ndani kwa shilingi 5,300 na asilimia 85 ni ya nje kwa shilingi 4,455. Wastani unakuwa takriban shilingi 4,580 kwa gunia. Kumlipa mkulima bei ya juu kumeongeza shilingi zipatazo 127 kwa kila gunia, au chini ya asilimia 3.

Mkate wa gramu 400 hutumia takriban robo kilo ya unga, ambao hutokana na gramu kama 325 za ngano, kwa kuwa sehemu ya punje hutoka kama pumba na kuuzwa kwa walisha mifugo. Ukizigawa shilingi 127 katika gunia zima, kila mkate unabeba chini ya nusu shilingi. Hicho ndicho mlaji anacholipa, bila kujua, ili mashamba ya ngano ya Narok, Nakuru, Uasin Gishu, Meru na Laikipia yaendelee kulimwa.

Mzigo huo ni mwepesi, lakini wepesi wake una sababu inayopasa kuangaliwa. Ni mwepesi kwa sababu mavuno ni machache. Kama mpango huo ungefanikiwa kiasi cha mashamba ya ndani kutoa nusu ya ngano ya nchi kwa bei ileile, nyongeza kwa kila gunia ingepanda hadi zaidi ya shilingi 420, na kila mkate ungebeba shilingi moja na nusu. Kwa familia inayonunua mkate kila asubuhi, hiyo ni zaidi ya shilingi 500 kwa mwaka. Mpango wa kumlinda mkulima ni rahisi kuugharamia pale tu unaposhindwa kuongeza mavuno kwa wingi. Ndiyo sababu mjadala wa ngano nchini Kenya hauwezi kuishia kwenye bei. Lazima ufike kwenye gharama ya kulima.

Gharama za shambani

Mkulima wa ngano wa Kenya mara nyingi si mwenye jembe la mkono. Katika Narok, mashamba mengi hukodishwa kutoka kwa jamii za Wamaasai, hulimwa kwa matrekta na kuvunwa kwa kombaini ambazo nazo hukodishwa. Kodi ya ardhi hulipwa kabla ya mbegu kuota. Mbolea na dawa hununuliwa kwa bei inayofuata dola. Vita vilivyopandisha bei ya ngano mwaka 2022 vilipandisha vilevile bei ya mbolea, kwa sababu Urusi ni miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mbolea duniani. Serikali ya Kenya iliingilia kati kwa ruzuku iliyoshusha mfuko wa kilo 50 hadi shilingi 3,500 mwezi Septemba 2022, kisha shilingi 2,500 mwaka uliofuata.

Msimu nao una mitego yake. Kombaini zikiingia shambani, ngano yote ya eneo hutoka kwa wiki chache. Mkulima asiye na ghala wala kikaushio, mwenye deni la benki na kodi ya kombaini, hawezi kusubiri. Mwenye kiwanda, ambaye shehena yake tayari iko baharini, anaweza. Ikiwa ununuzi rasmi umechelewa kuanza kwa wiki tatu au nne, madalali hufika mashambani na fedha taslimu na kuchukua ngano kwa bei ya chini ya ile iliyokubaliwa. Ngano ya nje inapoingia katika kipindi hichohicho cha mavuno, uwezo wa mkulima wa kujadiliana hupungua zaidi. Kwa sababu hiyo, wakulima hubishania tarehe za kuingiza ngano kwa ukali uleule wanaobishania bei.

Kuna pia adui asiyeonekana. Mwaka 1998 wataalamu waligundua katika kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini-magharibi mwa Uganda, aina mpya ya kutu ya shina la ngano iliyoweza kuvunja kinga ya mbegu nyingi zilizokuwa zikipandwa duniani. Iliitwa Ug99, kwa jina la nchi ilikoonekana na mwaka ilipothibitishwa. Vimelea vyake husafiri kwa upepo, na muda si mrefu vilikuwa vimeingia Kenya. Kituo cha Njoro, karibu na Nakuru, ambako utafiti wa ngano umefanywa tangu enzi za ukoloni, kiligeuka kuwa uwanja wa kupima mbegu kutoka nchi nyingi kwa ajili ya dunia nzima, na aina zenye kinga, kama Robin na Eagle 10, zikatolewa kwa wakulima. Hata hivyo, mkulima bado hulazimika kunyunyizia dawa ya ukungu, na kila mara anaponyunyizia, gharama ya gunia lake huongezeka bila bei yake kuongezeka.

Kwa hali hiyo, baadhi ya wakulima wa ngano wamehamia mahindi, viazi au ufugaji wa ng'ombe wa maziwa, na mashamba mapana ya Narok yanazidi kugawanywa katika vipande vidogo visivyofaa kwa kombaini. Ugavi wa ndani unapungua kidogo kidogo, na kila tani inayopotea huongeza uzito wa bandari katika kupanga bei.

Kwa nini mkate ukipanda haushuki

Wanunuzi wana lalamiko lao, nalo lina msingi: bei ya ngano ikipanda, mkate hupanda, ngano ikishuka, mkate husimama palepale. Sehemu ya jibu imo katika hesabu iliyotangulia. Mkate wenye ngano ya gramu 325 hubeba ngano ya shilingi 16 hivi ikiwa gunia ni shilingi 4,455, na shilingi 19 ikiwa gunia ni 5,300. Badiliko ambalo kwa mkulima ni la kufa na kupona, kwa mkate ni la shilingi tatu. Sehemu kubwa zaidi ya bei ya mkate, ambao katika maduka mengi umekuwa ukiuzwa kati ya shilingi 60 na 70, inakwenda kwenye sukari, mafuta, umeme, kuni au gesi ya tanuri, mishahara, mfuko, gari la kusambaza na faida ya muuza duka. Ngano ikishuka wakati mafuta ya gari na umeme vimepanda, hakuna nafuu ya kumpitishia mnunuzi.

Sehemu ya pili ni muda. Unga unaouzwa leo ulitokana na ngano iliyonunuliwa miezi kadhaa iliyopita, kwa bei ya wakati ule na dola ya wakati ule. Sehemu ya tatu ni ushindani. Pale ambapo kampuni chache zinashika sehemu kubwa ya soko la mkate, hakuna anayeharakisha kuwa wa kwanza kushusha. Mara nyingi mabadiliko hayaonekani katika bei bali katika uzito: andazi hupungua unene, chapati hupungua upana, na mteja hulipa fedha ileile.

Uzito wa suala hili kisiasa ulidhihirika mwaka 2024, pale mswada wa fedha wa Kenya ulipopendekeza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 kwa mkate wa kawaida. Pendekezo hilo liliondolewa tarehe 18 Juni, kabla mswada wenyewe haujaachwa kabisa siku chache baadaye kufuatia maandamano ya vijana. Kodi hiyo ingeongeza karibu shilingi 10 kwa kila mkate, zaidi ya mara tatu ya tofauti inayoletwa na bei ya ngano katika mfano uliotajwa hapo juu. Kwa mlaji, uamuzi wa bunge ulikuwa na uzito kuliko mavuno ya msimu.

Mzigo unavuka Malaba na Busia

Uganda hulima ngano kidogo, hasa katika miteremko ya Mlima Elgon, wilaya za Kapchorwa, Kween na Bukwo. Karibu ngano yake yote nyingine hutoka ng'ambo, na sehemu kubwa hupitia Mombasa. Kwa hiyo mizani ni ileile, ikiongezewa nauli ya lori kutoka pwani hadi mpakani na kutoka mpakani hadi viwandani. Muuza rolex wa Kampala na muuza chapati wa Eldoret hutegemea meli zilezile.

Lakini vipande vya mizani havisogei pamoja. Katika kipindi ambacho shilingi ya Kenya ilishuka kutoka 113 hadi karibu 160 kwa dola, shilingi ya Uganda ilisogea kutoka takriban 3,550 hadi 3,800 hivi. Ngano ileile, kutoka meli ileile, ilikuwa ghali zaidi upande mmoja wa mpaka kwa sababu ya fedha tu. Tofauti kama hizo ndizo zinazofanya unga uvuke mpaka, mara kuelekea mashariki, mara kuelekea magharibi, na ndizo zinazowafanya wafanyabiashara wa Busia wachunguze bei ya dola kabla ya kuuliza bei ya unga.

Mambo ya kuangalia

Kuongeza mavuno ya ndani kungeipa Kenya faida za kweli: ajira vijijini, dola chache zinazotoka, na akiba ya kutegemea bandari za mbali zinapofungwa kwa vita. Hata hivyo, halingekuwa jambo la kushusha bei ya mkate, ila kama gharama ya kuzalisha gunia moja ingeshuka pia. Tani 100,000 zaidi zilizozalishwa kwa gharama ya leo zingebadilisha asili ya ngano, si bei yake. Mbegu inayostahimili kutu, ghala linalomwezesha mkulima kusubiri, na kombaini inayofika kwa wakati ndivyo vitu vinavyopunguza pengo kati ya 5,300 na 4,455.

Kwa anayetaka kujua unga utagharimu kiasi gani miezi mitatu ijayo, dalili za kuangalia ni mavuno ya Urusi na Australia, nauli za meli, thamani ya shilingi, na tangazo la ushuru ambalo hutolewa katikati ya mwaka bajeti za Afrika Mashariki zinaposomwa. Na kwa anayetaka kujua kama mashamba ya Narok yatalimwa mwakani, dalili ni moja: ikiwa ununuzi wa ngano ya ndani ulianza kabla kombaini hazijamaliza kazi, au baada ya madalali kuondoka na magunia.